Kufungua injini juu: matumizi ya maneno katika ukarabati wa kichwa cha silinda

Kufungua injini juu ni fungu la maneno la gerejini lenye maana ya kuondoa, kukagua, kutengeneza na kurudisha sehemu za injini zilizo juu ya bloki, bila kugusa krankshafti na beringi zake. Sehemu zinazohusika ni kichwa cha silinda pamoja na vali, springi, roka na injekta zake, gasketi inayoziba mpaka kati ya kichwa hicho na bloki, na kwa kawaida mifereji ya hewa na ya moshi, ambayo haina budi kutolewa ili kichwa kinyanyuke. Mfano: "Lori limechemsha Kitonga, fundi amesema tufungue injini juu kwanza kabla ya kuagiza vipuri."

Fungu hili ni la mdomoni zaidi kuliko la maandishi, na ndiyo sababu linahitaji maelezo. Katika ukarabati wa lori zito, neno husemwa na mtu mmoja likatekelezwa na mwingine. Dereva hueleza dalili, mwenye lori huidhinisha fedha, fundi wa mchana hufungua na wa jioni hufunga. Mzungumzaji akiwapo, maneno yenye maana mbili husahihishwa kwa mkono na kwa jicho. Yanapoandikwa katika daftari la kazi hayana wa kuyasahihisha, na gharama yake huonekana lori likiwa limesimama njiani na mzigo.

Juu, chini na ovaholi

Kinyume cha kufungua juu si kufunga juu bali kushusha injini, yaani kuitoa katika fremu ili ifunguliwe yote. Kati ya ncha hizi mbili limekaa neno ovaholi, lililotoholewa kutoka Kiingereza, na neno hili ndilo lenye utata mkubwa. Wapo mafundi wanaolitumia kwa ukarabati kamili tu, na wapo wanaosema "ovaholi ya juu" na "ovaholi nzima". Mwenye lori anayeambiwa "injini inahitaji ovaholi" hana njia ya kujua kama anaombwa bei ya gasketi na kazi ya mashine, au bei ya slivu, pistoni, ringi na beringi za silinda sita. Katika maandishi rasmi ni afadhali kuandika "ukarabati wa sehemu ya juu ya injini" na "ukarabati kamili wa injini", hata kama maneno yanaongezeka.

Tahajia nayo iangaliwe. Ovaholi ni kazi; ovaroli ni vazi la fundi. Maneno haya mawili hugongana mara kwa mara katika orodha za manunuzi.

Vilevile "juu ya injini" na "sehemu ya juu ya injini" si kitu kimoja. "Fundi anafanya kazi juu ya injini" hueleza alipopanda fundi. Anayekusudia sehemu inayotengenezwa asiache neno "sehemu".

Kichwa na hedi

Kamusi na vitabu vya ufundi hupendelea kichwa cha silinda. Gerejini husikika silinda hedi au hedi peke yake. Msomaji mpenda Kiswahili safi anaweza kudhani kwamba mafundi wameliacha neno la asili kwa uvivu. Sivyo. Katika lugha ya barabarani nchini Tanzania, kichwa ni sehemu ya mbele ya lori la tela, yenye kebini na injini, inayovuta tela nyuma yake, kama vile kichwa cha treni kinavyovuta mabehewa. Sentensi "kichwa kimeharibika, kimebaki Makambako" haimfikishii mwenye lori habari ya silinda hata kidogo. Ataelewa kwamba tela lake limekosa wa kulivuta, na kwa kweli atakuwa ameelewa sawasawa. Hedi limetwaliwa ili kuepuka mgongano huo. Ushauri wetu ni kutaja "kichwa cha silinda" kwa ukamilifu mara ya kwanza, kisha kuendelea na "hedi" pasipo haya. "Kichwa" peke yake liachiwe lori.

Kisarufi, hedi ni nomino ya ngeli ya i-/zi-, na umbo lake halibadiliki katika wingi. Mzigo wote wa kutofautisha moja na nyingi unabebwa na upatanisho: "hedi imepasuka", "hedi zimepasuka". Jambo hili lina uzito kwa sababu injini hazifanani. Caterpillar 3406 ina hedi moja ndefu inayofunika silinda zote sita. Cummins NT855, injini ya lita 14 yenye silinda sita katika mstari mmoja, ina hedi tatu, kila moja ikifunika silinda mbili. Scania ya V8 ya lita 14 ina hedi nane, moja kwa kila silinda. Kwa ya kwanza, "hedi imepasuka" ni habari kamili. Kwa ya pili na ya tatu ni nusu ya habari, na mwandishi aongeze ni ipi, akihesabu kuanzia mbele ya injini: "hedi ya pili, inayofunika silinda ya 3 na ya 4".

Gasketi, vali, injekta na roka nazo zimo katika i-/zi-. Kwa vali, umbo valvu ni la kawaida sana gerejini na haliwezi kuitwa kosa. Muhimu ni kutochanganya yote mawili katika andiko moja.

Kuchemka na kuchemsha

Maji huchemka, gari huchemsha. Kitenzi chemsha ni cha usababishi na kwa kawaida hudai yambwa, kwa mfano "mama anachemsha chai". Lakini katika "gari limechemsha" yambwa imeachwa kwa kuwa inajulikana: ni maji ya rejeta. Matumizi haya yamekwisha kukaa na hayahitaji kurekebishwa. Anayeandika "injini imechemka" ataeleweka, ila atasikika kama mtu asiyewahi kusimama kando ya lori lililofunguliwa boneti.

Linalohitaji uangalifu ni mpangilio wa matukio, na hapa Kiswahili kina chombo ambacho dereva mzuri hukitumia bila kukifikiri. Linganisha:

"Lori lilipungukiwa maji likachemsha."

"Lori lilichemsha likapungukiwa maji."

Kiambishi -ka- hupanga vitendo kwa ufuatano, na mara nyingi msikilizaji hukielewa pia kuwa kinaonyesha chanzo na tokeo. Sentensi ya kwanza yaelekeza kwenye uvujaji: mpira wa maji umepasuka, rejeta imetoboka, au pampu ya maji inavuja. Hedi ikikutwa imepinda, kupinda huko ni tokeo, na chanzo kiko nje yake. Sentensi ya pili yaweza kuwa na habari tofauti kabisa, kwamba gesi ya mwako inapenya kwenye njia za maji kupitia gasketi iliyoungua au ufa wa hedi, inajaza rejeta mapovu na kuyasukuma maji nje. Hapo hedi yenyewe yashukiwa. Fundi anayebadilisha gasketi kwa kusikia "limechemsha" tu, bila kuuliza lipi lilitangulia, anaweza kufunga injini vizuri kabisa na kuirudisha barabarani ikiwa na ugonjwa uleule. Mwandishi wa ripoti asiunganishe matukio haya kwa "na" ("lori lilichemsha na kupungukiwa maji"), kwa sababu "na" hufuta ufuatano.

Kula, kuvuja, kupumua

Injini inakula oili au inakula maji pale kiwango kinapopungua pasipo kuonekana kinapokwenda. Kukiwa na tone chini ya lori, kitenzi ni kuvuja. Tofauti hii ni ya maana. "Inakula maji" hudokeza kwamba maji yanaingia ndani, ama kwenye silinda na kutoka kama moshi mweupe, ama kwenye oili, ambayo hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Moshi mweupe wa asubuhi ya baridi unaokoma injini ikipata moto ni habari nyingine. Huo waweza kuwa dizeli isiyoungua. Wa rangi ya buluu ni oili. Mweusi ni dizeli kuzidi au hewa kupungua.

Injini inapumua ni msemo wa gerejini kwa gesi inayopita kandokando ya ringi za pistoni na kutokea kwenye tundu la hewa la chemba ya chini au kifuniko cha kutilia oili. Msemo huu ni mfano mzuri wa istiari iliyogeuka kipimo. Injini inayopumua sana imechakaa ringi na slivu, na kufungua juu hakutaiponya. Ripoti ikisema "inakula oili" bila kusema kama "inapumua", swali la msingi halijajibiwa, yaani kama oili inapanda kupitia ringi au inashuka kupitia shina la vali. La pili ni kazi ya juu. La kwanza si kazi ya juu.

Kwa gasketi, sema imeungua au imekata. Baadhi ya tafsiri huandika "gasketi imepulizwa", wakifuata Kiingereza neno kwa neno. Kwa Kiswahili hupulizwa moto, tarumbeta au puto.

Kupinda, kuchonga na kusaga

Hedi iliyotolewa husafishwa, kisha hupimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka na vibati vya fila: kwa urefu, kwa upana na kwa pembe mbili za mshazari. Matokeo huandikwa kwa tarakimu. "Imepinda kidogo" si kipimo. Nyufa hutafutwa hasa kati ya viti vya vali, na kati ya kiti cha vali na tundu la injekta, ambapo chuma ni chembamba na joto ni kali. Hedi huzibwa njia zake za maji na kutiwa presha. Baada ya hapo huja vitenzi viwili ambavyo hubadilishana nafasi isivyostahili.

Kuchonga hedi ni kuondoa tabaka jembamba la uso wake kwa mashine ili unyooke. Kusaga vali ni kuizungusha vali juu ya kiti chake pamoja na dawa ya kusagia mpaka nyuso mbili zikubaliane na kuacha mstari wa kijivu usiokatika. La kwanza ni kazi ya karakana ya mashine, na chuma kilichoondoka hakirudi. La pili hufanywa kwa mkono. "Nenda kasage hedi" na "chonga vali" ni maagizo ambayo kila mmoja atayatafsiri kwa namna yake.

Kuchonga kuna matokeo ambayo neno lenyewe haliyadokezi. Katika injini nyingi za lori uso wa hedi ni bapa na chemba ya mwako imechimbwa katika pistoni. Kila tabaka linaloondolewa huzisogeza vali karibu na pistoni, na huifanya ncha ya injekta ichomoze zaidi. Kwa hiyo viti hukatwa upya ili vali zirudi ndani kwa kina kilichowekwa na mtengenezaji, na uchomozo wa injekta hupimwa na kusahihishwa. Ripoti isiishie kwenye "hedi imechongwa". Itaje kiasi kilichoondolewa na unene uliobaki, kwa kuwa kila hedi ina unene wa chini ambao ikiupita haifai tena. Atakayeifungua hedi hiyo miaka mitatu baadaye hana njia nyingine ya kujua ilikwisha kuchongwa mara ngapi.

Kiti cha vali gerejini huitwa siti. Bomba fupi linaloongoza shina la vali huitwa gaidi. Neno la mwisho huchekesha wageni, kwani gaidi ni mnyang'anyi na, katika habari za leo, mtenda ugaidi. Ngeli huwatenganisha: "gaidi huyu amekamatwa", "gaidi hii imekwisha", "magaidi wawili", "gaidi mbili". Mwandishi wa maelezo kwa umma atumie "mwongozo wa vali". Katika daftari la gereji hakuna aliyewahi kuita polisi.

Kufunga na kukaza

Hapa ndipo matumizi ya maneno yanapogharimu zaidi. Kufunga, katika ufundi, kuna maana tatu: kuziba (kufunga bomba), kuunganisha upya kilichofunguliwa (kufunga injini), na kupachika kwa bolti au nati (kufunga hedi). Kukaza ni kutia nguvu mpaka kitu kishikamane. Bolti iliyofungwa iko mahali pake. Bolti iliyokazwa imefikia mkazo. Katika mazungumzo ya kawaida watu husema "funga vizuri hiyo nati" wakikusudia kukaza, na hakuna madhara. Katika hedi ya dizeli madhara yapo.

Bolti za hedi hazikazwi kwa mkupuo. Huanza kwa mkono, kisha hukazwa kwa spana ya kipimo katika duru kadhaa, kila duru ikiongeza nguvu, na katika injini nyingi duru ya mwisho haipimwi kwa nguvu bali kwa pembe, kwa mfano kuzungusha kila bolti nyuzi 90 zaidi. Mpangilio wa kawaida ni kutoka katikati kwenda nje, ili gasketi ilazwe bila kuacha mkunjo ulionaswa. Wakati wa kufungua, mpangilio hugeuzwa: hulegezwa kutoka nje kuja katikati. Hapa pia kulegeza si kufungua. Bolti zote hulegezwa kwanza kidogo kidogo, ndipo zifunguliwe.

Tuseme fundi wa jioni ameandika: "Hedi zote zimefungwa." Hajadanganya, maana ziko juu ya bloki na bolti zimo. Wa asubuhi anasoma na kuelewa kwamba zimekazwa, anapachika roka, anatia maji na oili, anawasha. Injini haitakataa kuwaka. Inaweza hata kunguruma vizuri uwanjani bila mzigo, bila tone la maji. Gasketi itaungua kwenye mlima wa kwanza wenye tani za kutosha nyuma, na kazi yote itaanza upya, safari hii ikiwa na hedi iliyochemshwa mara ya pili.

Andiko sahihi ni hili: "Hedi tatu zimefungwa. Bolti zimekazwa duru mbili. Bado duru ya tatu." Neno bado ndilo linalobeba usalama wa sentensi, na litajwe pamoja na kisichofanyika. "Bado" likiachwa pweke mwishoni ("zimekazwa, bado") huwa fumbo.

Kukaza kuna sharti linalotangulia, nalo ni kukausha. Tundu la bolti lisilotokea upande wa pili likibaki na maji au oili, bolti hukandamiza umajimaji huo badala ya kuibana hedi. Spana hutoa ishara kwamba mkazo umefika, hali gasketi haijabanwa ipasavyo. Na bloki yenyewe yaweza kupasuka. Kwa sababu hiyo miongozo mizuri huandika "kausha matundu" katika sentensi yake yenyewe, isimezwe na "safisha".

Kukazia liepukwe katika maagizo. Laweza kuwa kukaza kwa kutumia chombo ("spana ya kukazia"), na laweza kueleweka kama kuongeza mkazo baada ya injini kufanya kazi. Kuna gasketi zinazodai bolti zikazwe tena baada ya injini kupata moto, na kuna zinazokataza. Andika "kaza tena" au "usikaze tena".

Kuzungusha

Zungusha injini, piga stata na washa injini ni vitendo vitatu. Katika injini zenye slivu zinazozungukwa na maji, hedi ikiwa imetolewa hakuna kinachozishikilia slivu zisipande. Pistoni ikisogea yaweza kuvuta slivu na kuharibu mipira inayozuia maji chini yake. Ikilazimu kuzungusha, slivu hubanwa kwanza kwa vishikizo, na huzungushwa kwa mkono. Msaidizi anayeambiwa tu "zungusha kidogo" akapiga stata amefuata agizo kama alivyolielewa.

Kuseti tapeti: kupishana na vipimo

Kuseti tapeti ni kurekebisha nafasi iliyopo kati ya roka na vali injini ikiwa imetulia. Nafasi ikiwa finyu, vali hurefuka kwa joto, haikai sawasawa kwenye kiti, haipati pa kupeleka joto lake, na mwishowe huungua. Ikiwa pana mno, vali hugonga. Katika Cummins NT855 msemo huu una uzito wa ziada, kwa kuwa injekta nazo husukumwa na kamshafti kupitia roka. "Tapeti zimesetiwa" hapo haionyeshi kama injekta zimesetiwa pia, na lazima zitajwe.

Ili kupata silinda iliyo tayari, mafundi hutazama vali zinazopishana: ya moshi inamalizia kufunga, ya hewa inaanza kufunguka. Kauli ya kutendana inafaa hapa kuliko istilahi yoyote ya kubuni. Katika injini ya silinda sita za mstari inayowaka kwa mpangilio wa 1-5-3-6-2-4, vali za silinda ya 6 zikipishana, silinda ya 1 iko kileleni mwa mgandamizo na vali zake zote zimefungwa. Jozi nyingine ni 5 na 2, 3 na 4.

Vali ya hewa na vali ya moshi ni majina bora kuliko "ya kuingiza" na "ya kutoa", ambayo humlazimu msomaji aulize kuingiza nini.

Mwisho ni tarakimu. Wazee wa gereji hutaja nafasi ya tapeti kwa sehemu za elfu za inchi na huacha kutaja kizio: "ya hewa kumi na tano, ya moshi thelathini". Kwa Caterpillar 3406B hayo ni inchi 0.015 na 0.030, sawa na milimita 0.38 na 0.76. Fundi kijana mwenye fila ya milimita hutafuta kibati cha 0.15 na cha 0.30, na nafasi anazoziacha hazifiki hata nusu ya zinazotakiwa. Vali ya moshi, ambayo ndiyo hupata joto zaidi, ndiyo huungua kwanza. Daftari liandike kizio kila mara, pamoja na hali ya injini: "Vali ya hewa mm 0.38, vali ya moshi mm 0.76, injini baridi."